Kuunganishiwa picha ya familia Kariakoo: uzoefu wangu

Tumezaliwa wanne, na tangu tuwe watu wazima hatujapiga picha ya pamoja. Kaka yuko Mwanza, dada yetu Muscat, mdogo wetu Mbeya, mimi na mama tuko Temeke. Kazi ya kutuunganisha kwenye picha moja, kila mtu akipigwa huko aliko, nikampa kijana mwenye studio Kariakoo: elfu sitini, pamoja na kusafisha saizi ya A3 na fremu.

Kabla hajapokea hata shilingi, alinitumia masharti. Kila mtu asimame karibu na dirisha, mwanga umpige ubavu wa kushoto. Mpigaji arudi nyuma hatua kadhaa, simu iwe usawa wa kifua. Selfi hataki, kwa sababu kamera ikiwa karibu pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Mtu huyo hatalingana na aliyepigwa kwa mbali. WhatsApp tutume kama dokumenti, maana ikienda kama picha inabanwa na nywele zinageuka uji.

Dada yetu, kama kawaida yake, akatuma ya usiku, sebuleni, njano tupu. Kijana akairudisha, akaniambia: "Njano naiondoa, dada, ila taa imempiga utosini, macho yote giza. Wenzake wamepigwa ubavuni."

Baba ni marehemu, na tuliyokuwa nayo ni picha ya pasipoti, bleki endi waiti. Mama alitaka asimame nasi. Studio nyingi zingekata kile kichwa na kukibandika kwenye suti ya mtu. Huyu alikataa: pasipoti ile akiikuza hadi ilingane na sisi, itabaki ukungu. Akaiweka ndogo, kwenye fremu iliyoning'inia ukutani nyuma yetu. Mama alinuna siku mbili tatu; sasa mgeni akiingia tu, anaonyeshwa hiyo kwanza.

Dosari zipo. Kwenye rasimu kaka alikuwa anaelea. Nikamwambia, akaongeza kivuli chembamba, cheusi, pale soli inapogusa sakafu, na kaka akatua. Mdogo wetu alipigwa mbele ya ukuta mweupe, kwa hiyo ukisogea karibu nywele zake bado zina ukingo mweupe. Na ukitaka faili lenyewe, si karatasi tu, patana mapema. Mimi nilidaiwa elfu kumi ya ziada mwishoni.

Aliahidi Ijumaa, akatoa Jumatano iliyofuata, simu hapokei. Nampa nyota nne. Ya tano ameila mwenyewe kwa hiyo simu.