Diploma ya IB au A-Level kwa mwanafunzi wa bweni
Katika shule za kimataifa za bweni zenye mitaala yote miwili, yaani IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa) na A-Level (mtaala wa Uingereza), mwanafunzi huchagua njia atakayoifuata kwa miaka miwili ya mwisho. Wa A-Level kwa kawaida hubaki na masomo matatu tu, akayasoma kwa kina. Mwenzake wa Diploma ya IB hubeba masomo sita, kozi ya nadharia ya maarifa (jinsi tunavyojua tunachojua), insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, pamoja na michezo, ubunifu na huduma kwa jamii. Tofauti hiyo huonekana bwenini usiku: mmoja amekwisha kufunga daftari, mwingine bado anasahihisha tanbihi. Aliyekwisha kuamua kusomea uhandisi, kwa maoni yangu, A-Level humfaa zaidi. Anayesitasita, IB haimfungii njia mapema, ingawa usingizi humpungua.