Mzee wa Kwenye Tope: Uzoefu Wangu na Tales from Earthsea

Kitabu hiki nilikinunua kwenye turubai la vitabu vya mtumba karibu na Makoroboi, hapa Mwanza, shilingi 7,000 baada ya kuvutana kutoka 12,000. Gundi ya mgongoni ilishakauka na kilikuwa kimezungushiwa mpira wa kufungia noti. "Kimetimia, bosi wangu, hakuna karatasi iliyotoka," muuzaji aliniapia. Hakikutimia, ila hilo nitalifikia.

Kwa asiyeijua Earthsea: ni dunia ya visiwa aliyoitunga Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyefariki mwaka 2018. Kitabu cha kwanza kilitoka 1968, kikimfuata Ged, mtoto mchunga mbuzi anayeondoka kijijini na kuishia kuwa mkubwa wa waganga wote. Nasema waganga kwa kukosa neno. Mchawi kwetu ni mtu mwingine kabisa. Bibi yangu, kwa Kisukuma, angesema nfumu, na angekaribia zaidi kuliko mimi. Watu wengi wa visiwa hivyo ni weusi au wa rangi ya shaba, na nguvu yote iko kwenye majina: ukilijua jina la kweli la kitu, kinakusikia. Mimi niliyekulia nyumba ambayo mtoto akilia usiku kucha wazee hukaa kumtafutia jina la babu atakalolikubali, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Hiki cha 2001 ni cha hadithi tano, na Ged karibu hayumo. Waliomo ni watu tuliopishana nao mlangoni katika vitabu vya nyuma, au tuliosikia tu wakitajwa, au ambao hatukujua kabisa kama walikuwepo. Nikasema haya ni makombo. Mfululizo ukishapendwa, mwandishi anarudi kukwangua sufuria. Nilisahau kwamba kwetu watoto waligombania ukoko.

Na kusema kweli nimekuwa mdadisi wa watu wa pembeni tangu zamani. Bibi alikuwa akitusimulia Shing'weng'we, zimwi lililomeza kijiji kizima, na Masala Kulangwa aliyelipasua tumbo watu wakatoka. Kwenye kupasua, kisu kikamkata kikongwe mmoja sikio. Wenzangu walishangilia ushindi, mimi nikauliza yule bibi kizee aliishije na sikio moja. Nikaambiwa nilale.

Sasa, hadithi iliyonifanya niandike haya ni ya tatu, inaitwa The Bones of the Earth. Wasomaji wa zamani wanamjua Ogion, mwalimu wa Ged, mzee mkimya wa kisiwa cha Gont. Kitabu cha kwanza kinamsifu kwamba aliwahi kulifunga tetemeko la ardhi mji usibomoke. Sifa hiyo inatajwa haraka, unaendelea na safari. Hapa mwandishi anaturudisha siku ile yenyewe, na siku ile kulikuwa na mtu mwingine.

Anaitwa Dulse. Ni mzee, anaishi peke yake juu mlimani na kuku wake, mvua haikatiki, mifupa inamuuma. Anatamani atamke kaneno kamoja tu mvua izunguke upande wa pili wa mlima, halafu anajizuia, kwa sababu mvua ikitoka kwako inakwenda kumnyeshea nani? Kurasa nzima zinakwenda kwenye tope na kumkumbuka kijana aliyemfundisha, kijana asiyesema sana. Nilianza kupiga miayo. Ndipo mzee akahisi kitu chini ya nyayo. Mlima unataka kujinyoosha, na chini yake pale bandarini kuna watu.

Namna ya kuuzuia hakujifunza kwenye shule kubwa ya waganga kisiwani Roke. Alifundishwa na mwanamke ambaye vitabu vya nyuma havimjui kabisa. Kwa hiyo nyuma ya Ogion yupo Dulse, na nyuma ya Dulse yupo huyo mama. Mzee anaingia mlimani, kijana anabaki bandarini akizishika kingo za miamba, na watu wa mji wanamwona nani? Aliyesimama mahali pa kuonekana.

Nilifunga kitabu nikatoka nje kutazama jiwe letu.

Nakaa Mabatini, nyumba za juu, zile ambazo mgeni akizitazama kutoka barabarani anauliza kama tumerogwa kujenga chini ya mawe makubwa kiasi kile. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mchana, nilikuwa nimekaa kibarazani nasugua viatu. Kwanza vifuniko vya sufuria vikaanza kugongana ndani. Nikadhani paka. Halafu benchi likatembea. Majirani wote walitoka, na sitasahau kwamba hakuna aliyetazama chini. Wote tulitazama juu, kwenye jiwe. Kitovu kilikuwa Kagera, ukubwa 5.9, na Bukoba walizika watu. Kwetu jiwe lilikaa.

Miaka ya nyuma alikuwepo mzee mmoja jirani ambaye kila masika yakikaribia alipanda na karai la kokoto na vijiwe, akiziba mahali maji yanapochimba udongo chini ya lile jiwe. Tulimwita fundi wa Mungu. Watoto, nikiwemo mimi, tulikuwa tunavichomoa vile vijiwe tukicheza, naye kesho yake anavirudisha. Alishafariki kitambo kabla ya tetemeko. Sijui kama vijiwe vyake vilisaidia chochote, pengine havikusaidia. Lakini siku ile hakuna aliyemtaja, hata mimi, mpaka nilipomsoma Dulse na tope lake.

Hadithi ya kwanza, The Finder, ndiyo ndefu kuliko zote, na niliimaliza nikivuka Kamanga kwenda Sengerema, nusu kivukoni, nusu kwenye hiace. Mwana wa fundi mashua ana kipaji cha kuhisi vilivyofichika ardhini. Mtawala mmoja, haramia aliyejifanya mfalme, anamkamata na kumpeleka mgodini atafute zebaki. Kuna mnara wa kuchomea mawe, na humo wanafanya kazi watumwa ambao mvuke unawala taratibu. Mmoja ni mwanamke aitwaye Anieb. Kurasa zake si nyingi, lakini bila yeye hakuna hadithi.

Hapa ilibidi nipumzike. Shangazi yangu alifanya kazi kwenye mialo ya dhahabu huko Geita, baada ya mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na kusagwa kwenye karasha. Nikiwa mdogo nilimwona akikamua dhahabu na zebaki kwenye kitambaa, kikabaki kidonge cheupe kinachong'aa, akakiweka kwenye kijiko kikubwa juu ya jiko la mkaa. Moshi hauonekani vizuri. Kidonge kinafifia, kinanyauka, kisha umanjano unatokea kama jua la asubuhi, nasi tunasogeza nyuso tuone. Hakuna aliyetuambia turudi nyuma. Mikono yake baadaye ilianza kutetemeka, kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili. Le Guin anayaeleza mapenzi ya mganga wa yule mtawala kwa zebaki, jinsi anavyoiita mfalme, na nilichukia kiasi cha kutaka kukitupa kitabu ziwani. Ni sifa hiyo, si lawama.

Humo humo tunagundua kwamba shule ya Roke, ambayo katika vitabu vya mwanzo ni ya wanaume peke yao, wanawake walikuwa miongoni mwa waliotia msingi wake. Wale waliosoma vitabu vitatu vya mwanzo utotoni na kuvipenda jinsi vilivyo, wengine watakasirika. Mimi nilifurahi, ingawa nakubali kwamba kwa kurasa fulani unamsikia mwandishi akijisahihisha kwa sauti.

On the High Marsh nitaipitia upesi, na si kwa sababu ni mbaya. Kuna ugonjwa wa ng'ombe, nadhani wazee wangeuita sotoka, na anatokea mgeni aliyechakaa anayewatibu kwa kuwashika. Wenye ng'ombe wanabishana naye juu ya malipo kwa namna ambayo mfugaji yeyote wa Magu au Kwimba ataitambua, yaani mnyama akishapona, bei inashuka. Mjane anayempa mgeni chumba ndiye mhusika wangu wa pili kwa kupendwa. Baadaye mtu mmoja anabisha hodi akitafuta huyo mganga, na ukishatambua ni nani, unacheka, kwa sababu mtu mkubwa kuliko wote duniani ameketi jikoni, na wewe unahangaika kama mama wa watu ana chakula cha kumtosha.

Darkrose and Diamond, ya mtoto wa tajiri anayetakiwa awe mganga ilhali moyo uko kwenye muziki na binti wa mganga wa kike wa hapo kwao, kwangu ilikuwa chai ya rangi bila tangawizi. Lakini mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, aliisoma mara mbili likizo ya Juni.

"Mjomba, wewe huielewi kwa sababu hujawahi kuambiwa uchague mchepuo."

"Kwani wewe umeambiwa?"

"PCB, fizikia, kemia na baiolojia. Baba ameshaamua."

Kwa hiyo msiyasikilize maoni yangu kwenye hiyo moja, ulizeni vijana.

Mwishoni kuna maelezo marefu ya watu, lugha na historia ya visiwa. Ni notisi za kidato; nilisoma mbili tatu nikafunga. Kiingereza cha kitabu kizima si kigumu, sentensi zake ni fupi na safi, ila majina ni mengi na kila mtu ana mawili, la kuitwa na la kweli. Niliandika orodha kwenye karatasi ya nyuma. Usianze na hiki. Soma angalau kile cha 1968, na kama unaweza, soma na Tehanu cha 1990 kabla ya hadithi ya mwisho, Dragonfly, kwa sababu hiyo ni daraja la kwenda kitabu kinachofuata, na daraja lisilo na ng'ambo linachosha.

Na ni kwenye Dragonfly ndipo nilipogundua nimepigwa. Binti anayeitwa Irian anataka kuingia shule isiyopokea wanawake. Amesafiri, amefika, yuko mbele ya mlinda mlango, unageuza karatasi, na ghafla uko kurasa nne mbele. Majani mawili hayapo. Nilirudi Makoroboi. Muuzaji akakitazama, akakipindua, akasema ile shilingi elfu tano aliyopunguza ndiyo ya hizo karatasi.

Nikamwachia mpwa wangu kitabu, nikakichukua alipokuwa anarudi shule. Juzi nimekifungua. Pale palipokuwa na pengo amechomeka karatasi mbili za daftari, mistari yote imejaa, mwandiko mdogo. Nilidhani ameandika Irian alivyoingia. Irian hayumo. Ameandika kuhusu mlinda mlango, alivyoamka asubuhi ile, alivyokosa samaki wa kula, na mlango ulivyokuwa ukigoma kwa sababu ya unyevu wa bahari.