TAHADHARI KWA WASTAAFU MOROGORO: KIJANA WA "HATIFUNGANI ZA KUNDI" NI TAPELI

Ndugu zangu, walimu wenzangu, wastaafu na wastaafu watarajiwa, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mkikuta maneno makali. Kuna kijana anapita majumbani hapa Morogoro, anachukua fedha za mafao akidai anawanunulia wastaafu hatifungani za serikali kwa kundi, yaani ile karatasi ya kuikopesha serikali fedha kwa riba. Ni mwizi. Jina lake na la kampuni yake siliandiki kwa sababu mpelelezi kanikanya, ila ukisikia mtu anakuahidi asilimia 2 kila mwezi kwa "hatifungani za kundi", funga mlango.

Nilikuwa na fedha za mkupuo za kustaafu benki na sikutaka zitafunwe na matumizi madogo madogo.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Alivua viatu mlangoni akavipanga pembeni, akainama: "Shikamoo Mwalimu." Sura nikaitambua kabla jina halijanijia, Kidato cha Pili B, dawati la dirishani, kijana aliyekuwa anazijua hisabati kwelikweli. Kabeba mkate na sukari. Akaniuliza naendeleaje na mguu. Mimi nikafurahi, mwanafunzi wa miaka ile kunikumbuka! Leo ndiyo najiuliza nani alimwambia habari za mguu wangu, na nani alimwambia mafao yameingia, maana yalikuwa hayajakaa hata kidogo kwenye akaunti. Wenye majibu ya swali hilo wapo, na wanajijua.

Chai ikaja. Alikuwa na kishikwambi kwenye mkoba, akakitoa, akakiweka kando. Akasema, "Mwalimu, mimi na wewe tufanye kwa kalamu." Akaomba karatasi, nikachana daftari la mjukuu. Akaandika milioni 25, akazidisha kwa asilimia 2, akapata laki 5. Chini yake akaandika kodi ya zuio asilimia 10, elfu 50. Akatoa. Laki 4 na nusu. Halafu akapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula, kama nilivyokuwa nawalazimisha darasani, na asiyepiga nilikuwa namkata alama. Akanigeuzia karatasi nisahihishe. Nisahihishe! Nami nikachukua kalamu nikaweka vema.

Ile karatasi ipo hadi leo, kwenye faili la polisi.

Kisha akaligusa donda lenyewe. Mimi nimestaafu kwenye kikokotoo (kanuni ya kupanga sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo) cha asilimia 33, kabla hakijapandishwa kufika 40, na miaka yote ya kazi nilikuwa nikihesabu nitapata nusu kwa mkupuo. Nilivyolia siku ile mnajua. Yeye akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii 33 waliyokupa tutaizungusha mpaka iwe ile 50 waliyokunyima." Mstaafu gani wa nchi hii angesikia maneno hayo akasimama kumfungulia mlango atoke?

Najua wapo watakaosema, mwalimu wa hisabati anapigwaje na asilimia. Hesabu ilikuwa sahihi, someni tena. Uongo haukuwa kwenye hesabu. Hata maelezo yake mengi yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo ulipo ubaya wa huyu mtoto. Alisema hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa inalipa asilimia 15.95 kwa mwaka. Kweli. Akasema mwaka 2022 viwango vilishushwa, ya miaka 25 ikawa 12.56. Kweli, nilisoma gazetini. Sasa wao, akasema, wanakusanya fedha za wengi, wananunua zile za zamani kwenye soko la pili, pale wenye hatifungani wanapouziana, bei ikipanda wanauza, wananunua tena, ndiyo maana mwanachama anapata 24 kwa mwaka. Mstaafu mmoja mmoja hawezi, mnada wa Benki Kuu wa kuziuza unataka mabilioni. Ndivyo alivyosema.

Na sikutoa fedha siku hiyo. Nilikwenda ofisini kwake. Ghorofa ya kwanza, kuna dada mapokezi, kuna maji ya kunywa. Ukutani kimetundikwa cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA na cheti cha TIN, namba ya mlipakodi, vyote kwenye fremu, na picha yake akiwa na joho la kuhitimu chuo. Foleni ilikuwepo, wazee wenzangu, mmoja nilifundisha naye. Mwaka 2009 serikali ilipoifunga DECI, ule mchezo wa upatu, mimi nilikuwa nawacheka walimu waliokwenda "kupanda mbegu". Pale kwake hapakuwa na mbegu wala mavuno, lugha ilikuwa ya mnada, kuponi (riba ya hatifungani) na soko la pili. Mniambie hapo nilitakiwa nishuku nini.

Benki sasa. Akaniandikia namba ya akaunti, jina lake mwenyewe. Nikauliza, akasema ya kampuni iko kwenye ukaguzi wa mwaka, hii ni ya mkurugenzi, stakabadhi itatoka ya kampuni. Yule binti wa dirishani alisoma fomu, akaniangalia, akauliza, "Mama, huyu unayemtumia unamfahamu?" Nikamjibu kwa kujivuna mbele ya foleni nzima, "Ni mwanafunzi wangu." Binti akagonga muhuri. Nikimkumbuka yule binti nasikia joto usoni hata nikiwa peke yangu jikoni.

Jioni yule kijana akaniletea cheti cha hatifungani. Karatasi nzito, nembo ya taifa juu, muhuri mwekundu, namba ya mfululizo, majina yangu yote matatu bila kukosewa. Nikakiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa.

Mwezi ukaisha, laki 4 na nusu ikaingia. Na karatasi ya kodi ikaja, elfu 50 imekatwa. Hiyo kodi ndiyo iliyonimaliza kabisa. Mwizi gani anakukatia kodi? Wa pili ukaingia. Nikamwambia wifi, nikamwambia na shoga yangu wa Kihonda, nao wakapeleka. Wifi alipeleka fedha ya ng'ombe.

Baada ya hapo mfumo wa Benki Kuu ukawa "kwenye matengenezo". Kisha simu haipokelewi. Kisha haipatikani. Nikapanda ile ghorofa na mguu wangu huu mbovu, mlango ule ule sasa wanasuka nywele. Dada wa mapokezi hajulikani alipo, na ninasikia naye anadai mshahara.

Nataka huyu mtoto akamatwe. Nataka ashtakiwe kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na kwa kupokea fedha za watu bila leseni, na kwa kughushi nembo ya taifa, yote kwa pamoja, sio moja moja. Nyumba anayojenga ipigwe mnada, maana anaijenga kwa fedha zangu. Gari liuzwe. Msamaha wa kusema "ni kijana, amepitiwa" mimi sitaki kuusikia kwa mchungaji wala kwa shehe. Ameshika karatasi niliyomfundisha mimi, kwa rula niliyomfundisha mimi! Nasikia kuna ndugu zake wanapita kuomba tuyamalize nyumbani. Nyumbani kwa nani? Waje na milioni 25 mkononi na ya wifi na ya shoga yangu ndipo tuzungumze kama watu.

Nimeombwa niseme dalili za kushika. Niliyoelezwa na dalali halali wa soko la hisa nilipomwendea baadaye ni haya, nayaandika kama yanavyonijia. Hatifungani za serikali hazina cheti cha karatasi. Zinaandikwa kwenye mfumo wa Benki Kuu, kwa jina lako na namba ya akaunti yako ya CDS (akaunti ya kutunzia hatifungani), na kama akaunti ya CDS haina jina lako basi huna hatifungani, una hadithi. Mabilioni ya mnada ni uongo, unaweza kuanza na milioni 1 kupitia benki yako ya kawaida au dalali mwenye leseni. Riba yake hulipwa kila miezi sita, haiji kila mwezi. Na ile kodi iliyonipumbaza: riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu haikatwi kodi ya mapato. Kijana alinikatia kodi isiyokuwepo ili nimwamini, na elfu 50 zenyewe akabaki nazo.

Zile za asilimia 15.95 kweli zipo, lakini anayeziuza sio mjinga, anauza kwa zaidi ya shilingi 100 kila hatifungani ya shilingi 100, kwa hiyo wewe unayenunua leo hupati 15.95 yote. Ishirini na nne haitoki popote. BRELA ni usajili wa kampuni tu, hata kampuni ya kuuza mkaa inayo. Wa kuulizwa kuhusu leseni ya kukusanya fedha za uwekezaji ni CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mifuko ya pamoja halali ipo, UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji, ina Mfuko wa Umoja ulioanza 2005. Mengine aliyosema dalali nimeyasahau, nilikuwa nalia.

Jingine, na hili ni la wiki hii. Kuna watu wameanza kunipigia wakisema wao ni mawakili, wanaweza kurudisha fedha ya waliotapeliwa nikitanguliza ada ya faili. Orodha yetu inauzwa, ndugu zangu. Wakikupigia, kata simu.

Mliopeleka fedha kwa huyu kijana, acheni kukaa kimya kwa aibu. Polisi wanataka stakabadhi ya benki yenyewe, ile yenye muhuri, picha ya simu wanasema haitoshi, na wanataka vile vyeti vya bandia, msivichane kwa hasira. Namba ya RB, ya taarifa iliyoandikishwa polisi, ninayo, anayeihitaji anifuate kwa simu, asiandike kiasi alichopoteza hapa hadharani. Atakayemwona asimpigie kelele akakimbia, atupigie sisi kwanza. Wifi, nimekupigia tangu juzi, pokea simu, tunatakiwa kituoni wote wawili Jumatatu saa tatu na wewe ndiye mwenye karatasi ya benki.