Uzoefu wangu: kukodi hangari ya kiwanda cha zamani kwa maonyesho, Lubumbashi

Kwa kutundika picha kubwa, hangari hii ni nzuri kuanzia Mei hadi Septemba. Vioo vya paa lake la meno ya msumeno vinatazama kusini. Wakati wa kiangazi jua hupita kaskazini, ndani mkabaki mwanga mtulivu usio na kivuli kikali. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua hushinda upande wa kusini, linapenya vioo, na picha za wino wa bei nafuu hupauka. Ndiyo miezi ya mvua pia. Panapovuja ni kwenye mifereji kati ya meno, kwa hiyo mwenye jengo akikuahidi kupaka lami mabati, mkatalie: azibue mifereji kwanza.

Sehemu ya paa ni eterniti ya zamani, yenye asbesto. Usiitoboe wala kuiegemeza ngazi. Ning'iniza kazi zako kwenye mihimili ya chuma kwa vibanio. Vumbi la sakafuni lina masalio ya madini, lipigwe deki, lisifagiliwe kavu.

Umeme ni wa fezi tatu, volti 380, ila waya wa ethi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini) uling'olewa zamani (mji wa shaba, na shaba ndiyo ya kwanza kuibiwa). Pigilia fimbo ya ardhini ya mita 2 na ufunge kikatio cha miliampia 30 (kinachokata umeme unapovuja) kabla ya kuwasha projekta. Sauti inavuma vibaya. Spika ndogo kadhaa karibu na watu zinasikika kuliko mbili kubwa.

Nyota nimezipunguza kwa sababu ya bango la mlangoni. Linataja 1911, tanuri la Lubumbashi lilipoanza kuyeyusha shaba, na 1967, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilipotaifishwa. Wagomaji wake waliopigwa risasi Desemba 1941 hawamo. Hawamo wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, walioachishwa mwaka 2003 kwa jina la "kuondoka kwa hiari", ambao wengi wao wameendelea kudai malipo yao. Lakini makabati yao ya nguo, yenye namba, yamepangwa ukutani kama pambo la kupigia picha. Mzee akiingia akaikuta namba yake pale, utamwambia nini?

Usidhani umaarufu unalinda kitu. Mlima wa taka za tanuri, alama ya mji mzima, umekuwa ukipunguzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kutoa kobalti. Mashine za humu nazo zina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mkataba wa kawaida unagusa jengo tu. Ongeza kifungu kwamba hakuna mashine wala kabati litakalotolewa hadi maonyesho yaishe. Weka kwenye bajeti malipo ya wazee wawili waliofanya kazi ya tanuri, wawe waongozaji, na bango jipya waliandike wao. Kodi lipa nusu. Nusu nyingine baada ya kupanda juu na kuona mifereji imezibuliwa.