Kadi mbili za michoro: namba tamu, mchezo mchungu

Ninazo kadi mbili za aina moja, kumbukumbu ya GB 8 kila moja, zimeunganishwa kwa daraja la SLI, mfumo wa Nvidia wa kufanya kadi mbili zichore gemu moja kwa pamoja. Nianze na sifa zake: kwenye gemu iliyoandaliwa kwa mfumo huu, kwa ubora wa picha wa 4K, nilitoka kama fremu (picha) 40 kwa sekunde nikafika karibu 70. Si haba. Ila gemu za namna hiyo ni za kutafuta kwa tochi. Nyingi haziigusi kadi ya pili. Imekaa tu inakula umeme.

Kinachoudhi zaidi ni mikwamo midogomidogo. Kadi hupokezana fremu, hii inachora moja, ile inayofuata. Zisipotoka kwa nafasi sawa, kihesabio kinasema 70 lakini jicho linakataa. Zungusha kamera taratibu mbele ya ukuta wa matofali: yanarukaruka badala ya kuteleza. Na usidanganywe kuhusu kumbukumbu. 8 na 8 hapa si 16, maana kila kadi hubeba nakala yake ya data ileile.

Joto nalo! Kadi ya juu inavuta hewa iliyokwisha pashwa na mwenzake, feni zinalia (mimi navaa hedifoni, nimesamehe).

Tangu Januari 1, 2021, Nvidia haiongezi profaili mpya za SLI (mipangilio inayoiwezesha gemu kutumia kadi zote mbili) kwa kadi za kizazi cha RTX 20 na za kabla yake. Kwa gemu, basi, nunua kadi moja yenye nguvu. Zangu nimezihamishia Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ambako zinagawana kazi vizuri hata bila daraja.