TAHADHARI: Kasha la 1959, santuri si za 1959

Ndugu wapenzi wa santuri, hasa mlioko Uingereza, na nyie wa Nairobi na Dar mnaoagizia kupitia ndugu zenu huku, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp akiuza opera na simfoni za kampuni za santuri za Decca, Columbia na Deutsche Grammophon. Zote eti "chapa ya kwanza", yaani zilizochapwa rekodi ilipotoka mara ya kwanza, ndizo wakusanyaji tunazozilipia zaidi. Bei zake ni nzuri, ila si nzuri kiasi cha kukushtua. Kiswahili chake safi, salamu haziishi, na kila anachouza kilikuwa cha marehemu babu wa mke wake. Mimi amenipiga paundi 140, na nawajua wengine wawili aliowaliza kwa njia hiyo hiyo. Jina silitaji kwa sababu shauri liko polisi, na pia kila kundi analoingia anakuja na jina jipya. Mtamjua kwa mtindo wake.

Nilichonunua ni Das Rheingold ya Wagner, ile ya kondakta Georg Solti na okestra ya Vienna Philharmonic, iliyorekodiwa ukumbi wa Sofiensaal mjini Vienna mwaka 1958. Nimeitafuta miaka. Mtayarishaji wake, John Culshaw, alihakikisha zinapatikana fuawe 18 kwa sababu Wagner aliandika fuawe 18, na zile fuawe zikianza kulia wakati miungu Wotan na Loge wanashuka kwenda Nibelheim, nchi ya vibeti wahunzi chini ya ardhi, unasikia chumba chako kimegeuka karakana ya wahunzi. Mwimbaji Kirsten Flagstad yumo humo, anaimba Fricka, mke wa Wotan, uzeeni kabisa mwa sauti yake na bado anakufanya ukae kimya. Toleo la kwanza la Uingereza lina namba SXL 2101 hadi 2103, santuri tatu kwenye kasha moja. Baadaye Decca waliitoa tena kwa namba SET 382 hadi 384. Hapo kwenye namba ndipo aliponikamata.

Picha alizotuma zilionyesha kasha kwa mbele, kasha kwa nyuma, kijitabu cha maneno ya opera, na lebo moja tu, imepigwa kwa mbali. Kasha lilikuwa halisi, hilo sibishi. Lilipofika nikaliweka mezani, nikalifungua taratibu, nikavuta santuri ya kwanza. Lebo ya Decca ya enzi zile ina ukanda mpana wa fedha uliopita katikati, wenye maneno ya Full Frequency Stereophonic Sound. Hii yangu ukanda wake ulikuwa mwembamba, yaani ya miaka ya 70. Namba chini yake: SET 382. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Amechukua kasha la 1959, akatia ndani santuri za toleo la baadaye, akaniuzia mbuzi kwenye gunia.

Naomba nieleweke. Toleo la baadaye si takataka. Kama unachotaka ni muziki, nunua hilo hilo, maduka ya hisani yanayo kwa bei ya chakula cha mchana, na litakupa raha. Ubaya ni kulipishwa bei ya kitu ambacho hukupewa.

Nilipoanza kuulizana na wenzangu, mambo yakafumuka. Mmoja aliuziwa Symphony No. 5 ya Beethoven ya kondakta Carlos Kleiber, eti "chapa ya kwanza, lebo ya maua ya tulip". Jamani! Deutsche Grammophon waliacha maua yale kuzunguka lebo mwanzoni mwa miaka ya 70, na Kleiber ameirekodi 1974. Chapa ya kwanza ya rekodi ile haina maua. Mwingine, dada mmoja mpole sana, alitangaziwa opera ya Tosca ya mwimbaji Maria Callas ya 1953 pale La Scala, Milan, na kondakta Victor de Sabata, "stereo ya asili". Tosca ile ni mono, yaani sauti ya njia moja, si mbili kama stereo. Callas hakuirekodi Tosca kwa stereo mpaka alipoirudia Paris na kondakta Georges Prêtre, miaka ya 1964 na 1965. Ukiona ya 1953 imeandikwa stereo, ujue ni mono iliyochezewa baadaye kwa mitambo.

Kwa hiyo msikubali picha za jalada peke yake. Mwambieni apige picha lebo za pande zote, halafu ile sehemu laini isiyo na muziki kati ya wimbo wa mwisho na lebo, santuri ikiwa imeinamishwa chini ya taa. Pale pana maandishi yaliyogongwa kwenye plastiki yenyewe. Kwa Decca, ZAL ni stereo na ARL ni mono. Herufi inayofuata mwishoni ni ya fundi aliyekata mifereji ya sauti kwenye bamba la mwanzo, kwa mfano W ni Harry Fisher. Pembeni kuna herufi nyingine ndogo kutoka neno BUCKINGHAM: B ni moja, U ni mbili, C ni tatu, ndiyo namba ya bamba la chuma lililochapia santuri hiyo. EMI, kampuni yenye lebo ya Columbia, wao walitumia GRAMOPHLTD kwa namna hiyo hiyo. Muuzaji mkweli atakupigia picha hizo ndani ya dakika kumi. Huyu wetu kila akiombwa, kamera imeharibika au yuko msibani.

Jalada kusema uongo si jambo geni. Mwaka 2007 iligundulika kwamba CD zilizouzwa kwa jina la mpiga piano Joyce Hatto zilikuwa rekodi za watu wengine, na mumewe, William Barrington-Coupe, alikuja kukiri. Wahakiki wazoefu wa muziki walikuwa wamezisifia.

Kuhusu malipo, huyu anasisitiza utume PayPal kwa njia ya "ndugu na marafiki", ukwepe makato. Ukituma hivyo, huna kinga ya mnunuzi. Mimi nilituma hivyo. Nilipolalamika alikuwa mnyenyekevu kweli, akaapa hakujua kilichomo, akaniambia nirudishe mzigo anirejeshee hela. Nikaurudisha kwa gharama yangu. Tangu ufike amenizuia, simu haipokelewi.

Juzi kasha lile lile limetangazwa kwenye kundi jingine, paundi 160. Alama zake ni hizi: kona ya chini kulia imebandikwa selotepu iliyogeuka njano, na ukurasa wa kwanza wa kijitabu una tarehe ya Krismasi ya 1960 kwa wino wa bluu. Mkiliona, msilipie, na mniandikie faragha mara moja niwapelekee polisi.