Unazi wa kurithi na unazi wa kibanda umiza

Unazi, yaani ushabiki wa kufa na kupona, huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurithi: shabiki wa Simba au Yanga kwa kawaida hachagui. Anakuta nyumba imeshachagua: baba Yanga, mjomba Simba, na mtoto anavishwa jezi kabla hajajua kutamka "kona". Yanga ni ya 1935, Simba ikazaliwa 1936 kwa kujitenga nayo, kwa hiyo familia nyingi zina vizazi vitatu au zaidi vya ubishi. Kinachokaza fundo ni utani. Jumatatu baada ya dabi, aliyefungwa anaitwa Utopolo (akiwa Yanga) au Kolo (akiwa Simba) kazini, kwenye daladala, hadi msibani. Ukihama timu, unazomewa na pande zote mbili, na ndiyo maana karibu hakuna anayehama.

Njia ya pili ni kibanda umiza, kibanda cha mtaani cha kuangalia mpira kwenye TV: benchi za mbao, king'amuzi, kiingilio mlangoni. Hapa kijana anachagua mwenyewe, mara nyingi akiwa bado mdogo, na humfuata mchezaji au timu inayoshinda wakati huo. Arsenal ilivuna wengi hivyo: ilikuwa na Kanu wa Nigeria, na ikamaliza ligi ya 2003/04 bila kufungwa, ushindi 26, sare 12.

Udhaifu wake unaonekana nyota anapouzwa au ukame wa makombe unapoanza. Asiye na wenzake wa kijiweni huacha kuangalia kimyakimya. Wale wa Arsenal waliobaki, kusema kweli, utani wa mashabiki wa Man United ndio uliowashikilia.